Kwa Nini Pete za Saizi ya Tatu Zimeadimika

Mgeni rasmi, daktari wetu bingwa wa upasuaji wa moyo, meneja wetu, na wenzetu wote wa waya, wa tanuri na wa ukaguzi:

Karibu sana karakanani. Utuwie radhi kwa kukuvisha kofia na mifuko ya viatu pale mlangoni. Hapa hata meneja huvaa, na hapendezi. Wewe ndiye unayezishona pete zetu ndani ya mioyo ya watu. Leo tumefurahi kuiona mikono hiyo kwa macho yetu.

TULIKOTOKA

Tulianza na tanuri moja na kalibu za kuazima. Waya tunaouzungusha kwenye kalibu ni wa madini mawili, nikeli na titani. Ukipikwa sawasawa hushika umbo na hausahau: kwenye maji ya barafu unalegea kama uzi, ukipata joto la damu unarudi vilevile ulivyofundishwa. Pete hiyo ndiyo inayoikaza vali ya moyo iliyolegea, mtu akapumua tena.

Zikishapoa, pete zote hupita kwa mkaguzi wetu mkuu, tuliyembandika jina la Mama Haipiti kwa sababu ndilo neno lake. Huishika pete kiganjani, huingoja ifunguke, huitazama kwenye hadubini. "Haipiti." Ukithubutu kuuliza kwa nini, naye anakuuliza, "Wewe ungemvalisha mama yako?" Basi unarudi tanurini.

TUNAYOJIVUNIA

Hakuna pete yetu iliyowahi kurudishwa na hospitali. Sifa hizo ni zake. Ametufundisha sote, ametugombeza sote, na tunampenda mno. Hata risala hii ameikagua, akafuta maneno "kwa unyenyekevu mkubwa" akisema hatujawahi kuwa nao.

Sehemu inayofuata hakuiona.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, hospitali yako imelalamika kwamba pete za saizi ya tatu haziji, na wagonjwa wanasubiri. Ni kweli. Mwanzo tulidhani kalibu imechoka, tukaibadilisha. Tukabadilisha waya, tukalilaumu tanuri, kisha tukalaumiana. Bado kila pete ya saizi hiyo ilikataliwa. Ndipo msaidizi wa Mama Haipiti alipozitoa kwenye boksi la zilizokataliwa, akazipima upya moja moja. Zilikuwa nzima zote.

Hapo tukakumbuka. Mama alikuwa ameishiwa pumzi kwenye ngazi, akaenda kupimwa. Aliporudi alituambia wakati wa chai, kama mtu anayetaja namba ya viatu, "Vali yangu imelegea. Mimi ni saizi ya tatu." Kisha akaomba sukari. Tangu hapo, kila akishika pete ya saizi hiyo, anashika ya kwake. Nawe ukitaka kumpangia siku ya upasuaji, anakujibu kwamba pete hazijapatikana.

Mama, tafadhali usiinuke. Tunamalizia.

Hatumlaumu. Ni yeye aliyeweka sheria kwamba mtu asikague pete ya ndugu yake, maana mapenzi huharibu jicho. Hakufikiria kuwa siku moja pete ingekuwa yake mwenyewe. Anaogopa, daktari, na hajui kuogopa mbele za watu.

OMBI

Mashine mpya tutaziomba siku nyingine. Kwenye trei iliyo mbele yako kuna pete za saizi ya tatu. Zimekaguliwa na msaidizi wake, kwa jicho lilelile alilomfundisha. Tunaomba uondoke nazo leo, zote, kabla Mama hajazishika. Moja ni yake. Hatujui ipi, wala hatutaki kujua.

Na wewe, Mama, miaka yote umetuuliza kama tungemvalisha mama yetu. Hatukuwahi kukujibu. Ndiyo, tungemvalisha.

Mungu aitulize mikono yako, daktari, na awarudishie pumzi wote wanaosubiri.

Ni sisi, wafanyakazi wa karakana ya pete za moyo, wote isipokuwa mmoja.