Kiraka Chini ya Kiti cha Rubani

Kila Jumapili asubuhi, benchi lililo mkabala na lango la kiwanda cha ndege, pale mjini kwetu Jojia, huwa na wazee wanne na mdila mmoja wa kahawa. Jenerali ndiye mchemshaji. Jeshini alikuwa mpishi, cheo kapewa na mtaa. Redio aliitwa hivyo kwa sababu hazimiki. Jumberi aligongomea mabati ya ndege maisha yake yote, na rafiki yake Shalva alizichora kwenye karatasi kabla hazijaundwa. Jumapili hii Shalva hakutaka kuja. Ilikuwa imetimia miaka kumi tangu Vakhtangi, mtoto wa pekee wa Jumberi, aliyekuwa rubani, auawe angani kule Afuganistani katika vita vya Moscow. Lakini asingekuja wangemuuliza kwa nini, na maswali Shalva aliyaogopa kuliko kifo. Jumberi alidondoshea mkate mvinyo kwa ajili ya mwanawe, kama tufanyavyo kuwakumbuka wafu, kisha Redio akashindwa kuvumilia.

— Ile ndege tuliyoinakili hapa, Wamarekani walituachia makusudi. Rubani gani anatua kwenye shamba la viazi mpakani, anaacha ndege nzima, anajiondokea kwa miguu?

— Mafuta yalimwishia, bwana, alisema Jenerali.

— Mafuta! Mtaka cha uvunguni sharti ainame.

— Sasa hiyo methali inaingiaje hapo?

— Inaingia! Sisi tuliinama, wao wakatupiga teke.

— Mie nilisikia yule rubani alikuwa mtu wetu, alisema Jenerali. Mama yake wa Kutaisi.

— Juzi ulisema wa Batumi.

— Alihama.

Hata Jumberi alicheka. Shalva hakucheka, maana alijua mazungumzo yanaelekea wapi.

— Na kile kiraka walikitega, Redio aliendelea. Walijua Moscow itasema nakilini vilevile, msibadilishe hata msumari. Wakatoboa wenyewe, wakaziba wenyewe, wakakaa kusubiri.

Chini ya kiti cha rubani wa ndege ile, bamba nene la chuma la kumkinga lilikuwa na tundu la risasi, nalo limezibwa kwa bati jepesi la ukubwa wa sahani. Enzi hizo tukitawaliwa na Moscow, kiwanda kikanakili. Kila ndege iliyotoka langoni ilikuwa na bati lile lile, mahali pale pale. Risasi iliyomuua Vakhtangi ilipita hapo.

Manana, mshonaji aliyehamia mtaani mwezi uliopita, alikuwa amesogeza kiti chake karibu.

— Samahani, wazee wangu. Mimi nikiletewa gauni nishone la kufanana nalo, nikaona lina kiraka, namuuliza mwenyewe: na hiki nikiweke? Ninyi hamkuuliza?

Redio alifungua mdomo, akaufunga. Jambo hilo halikuwa limewahi kutokea. Jenerali akajifanya anachungulia ndani ya mdila.

— Shalva, alisema Jumberi taratibu. Wewe ndiye uliyekuwa chumba cha michoro. Mliuliza?

Shalva alitamani ardhi ipasuke. Alikumbuka siku alipokipima kile kiraka kwa rula, milimita kwa milimita, akakichora vizuri, akatia sahihi. Kwa miaka kumi alikuwa amekunywa kahawa na mtu huyu bila kumwambia.

— Nilikiona, alisema hatimaye. Nilijua ni kiraka, mtoto mdogo angejua. Lakini mwenzangu aliuliza habari ya skrubu moja tu, kesho yake hakuonekana kazini, wala hakuonekana tena. Niliogopa, ndugu yangu. Nikachora.

Hakuna aliyemtazama. Jumberi aliweka mikono magotini.

— Likizo yake ya mwisho, alisema, Vakhtangi aliniambia anaiogopa ile ndege. Hakutaka kurudi vitani. Nikamcheka, Shalva. Nikamwambia, nenda mwanangu, usiwe na wasiwasi, hiyo kaichora ami yako.