Krayoni ya Mzee Maximilian

Ndani ya Land Rova ya abiria iendayo Basotu, Mzee Maximilian alimwonyesha mama mmoja mwenye duka Katesh kipande kinene cha nta nyekundu. "Mwalimu wa mjukuu wangu anataka krayoni. Nimeipata."

"Shikamoo nimekupa, mzee, lakini hiyo ni ya kumpiga msalaba ng'ombe aliyeshanunuliwa mnadani! Krayoni ni za watoto kuchorea maua."

"Hata hii inachora ua. Jaribu hapa mgongoni, kwenye koti."

Mama akajaribu huku akicheka mpaka machozi, gari likimrusha. Ukatoka msalaba. Mimi, abiria wa kiti cha nyuma yao, nikageukia dirishani; koti halikuwa langu.

"Umeona ua hilo?" mzee akamwuliza mama bila kugeuka.

Gari likasimama mnadani, mzee akashuka. Mchinjaji mmoja akapaza sauti: "Jamani, huyu mzee kanunuliwa na nani?"

"Na mjukuu wangu!"