Mwalimu Asilimia na Bendera ya Thelathini

Marehemu mpwa wetu, ambaye mji mzima ulimwita Mwalimu Asilimia, alizaliwa Jumamosi tarehe 14 Mei 1955, katika chumba cha nyuma cha duka la cherehani la mjomba wake. Mjomba huyo ndiye anayewasomea haya. Ana miaka themanini na minne na bado anatunga uzi kwenye sindano bila miwani. Mwenye kubisha alete sindano.

Alianza shule ya msingi mwaka 1962. Jioni alikaa chini ya meza ya kukatia nguo akihesabu vifungo. Siku moja alichomoza kichwa mbele ya mteja akasema, “Mjomba, mkono wa kushoto umepungua inchi moja.” Mjomba akajibu kwamba mwenye kasoro ni mteja. Koti lilipopimwa, ilikuwa inchi moja kamili. Mtoto hakuwahi kuombwa radhi, basi leo anaombwa.

Alihitimu chuo cha ualimu mwaka 1976, na kuanzia Januari 1977 hadi alipostaafu mwaka 2015 alifundisha hisabati shule ya sekondari ya wasichana.

Jumapili tarehe 9 Oktoba 1983 nchi ilipiga kura ya kuamua kama tujitawale. Marehemu alikuwa karani wa kuhesabu kura. Mjomba wake alikuwa ameshona bendera thelathini kwa mkono wake, akautangazia mtaa mzima idadi hiyo. Jumanne asubuhi redio ikasema Ndiyo imepata asilimia hamsini na nne. Mjomba akapanda juu ya kigoda, duka limejaa watu hadi barazani.

“Tumeshakuwa huru! Nani anabisha?”

“Mimi, mjomba,” akasema marehemu, akiwa mlangoni.

Akachukua chaki ya fundi, akaandika juu ya meza ya kukatia. “Tuseme walioandikishwa ni watu elfu moja. Waliokuja kupiga kura ni mia nane. Waliosema Ndiyo ni mia nne thelathini na wawili. Sheria inataka zaidi ya nusu ya wote walioandikishwa, hata waliobaki nyumbani. Nusu ya elfu ni ngapi?”

“Mia tano. Lakini tumewashinda!”

“Mmewashinda, ila haikutosha. Mteja akitaka gauni la mita tano, nawe kitambaa chako hakifiki mita nne na nusu, utashona?”

“Nitabana pindo!”

“Sheria haibanwi pindo, mjomba.”

Watu wakaondoka mmoja mmoja. Mjomba akateremka kwenye kigoda. “Wewe ulipiga ipi?”

“Kura ni siri.”

“Basi hiyo siri yako ndiyo iwe mjomba wako.”

Hakumsemesha kwa miaka minane. Bendera alizitia kwenye sanduku la bati, na alipozihesabu akakuta ishirini na tisa. Majirani wakamcheka kwamba fundi hajui hata kuhesabu kazi yake.

Tarehe 18 Agosti 1984 marehemu aliolewa na fundi redio, mtu mpole asiyebishana na yeyote ila nyaya. Mjomba hakuhudhuria. Lakini gauni la harusi alilishona yeye, bila kipimo, akalituma kwa mkewe. Lilimkaa bibi harusi bila kuongezewa pini hata moja.

Kura ilipigwa tena tarehe 1 Septemba 1991. Redio ilipotangaza, mjomba hakupanda kigoda. Alikwenda kwa miguu hadi kwa mpwa wake, akagonga.

“Wanasema sabini na moja. Ya waliopiga, au ya walioandikishwa?”

“Ya walioandikishwa, mjomba.”

“Kwa hiyo naweza kufurahi?”

“Furahi.”

Wakalia wote wawili pale mlangoni, na fundi redio akaenda kuchemsha chai.

Mwezi Februari mwaka huu wa 2019 figo zilianza kumsumbua. Alifariki Jumatano tarehe 5 Juni saa nne asubuhi, wadi ya pili ya hospitali kuu. Siku mbili kabla, mjomba alimwuliza tena, “Mama, ulipiga ipi mwaka ule?”

“Kura ni siri.”

“Umri huu nitamwambia nani?”

“Wewe? Utapanda kigoda!”

Juzi mumewe alifungua sanduku la madaftari yake. Chini kabisa alikuta bendera yenye pindo lililopinda kidogo upande mmoja, maana fundi alikuwa amechoka. Imefungwa kwa karatasi yenye mwandiko wa marehemu: “Nimeichukua kwa mjomba, tarehe 8 Oktoba 1983. Nitamwambia tukishinda.”

Siku moja kabla ya kura. Halafu akaenda kuhesabu, akasema alichokihesabu. Hata tuliposhinda mwaka 1991 hakumwambia mjomba, maana bendera ingeitoa siri ya kura yake.

Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watano, na mjomba ambaye hakukosea hesabu. Bendera mnayoiona juu ya jeneza ndiyo ya thelathini. Tumlaze kwa upole, apumzike.