Si Wawili, ni Watatu: Tunamkumbuka Mwalimu Flavia Mlay

Shimbonyi, wasikilizaji wapendwa. Kama uko Njoro unafungua duka, kama uko Mwika unapalilia kahawa, vuta kiti. Leo tunamkumbuka mtu wetu, na nasema wetu kifua mbele: Dokta Flavia Mlay, mwalimu wa ubongo, aliyetutoka mwezi Machi. Jumamosi hii msalaba wake utabarikiwa nyumbani kwao Mwika.

Mwalimu wa ubongo. Narudia, maana siku ya kwanza nilipomhoji hapa studio nilimwita daktari wa vichaa. Alicheka mpaka fundi mitambo akashusha sauti. "Mwanangu," akaniambia, "mimi nafundisha jinsi seli zinavyoshikana."

Sikilizeni, nitasema polepole kama alivyonieleza mimi niliyeshindwa na biolojia. Ubongoni, seli za neva hupeana taarifa, lakini hazigusani. Kati yao kuna upenyo mdogo mno. Seli moja humwaga kemikali, nyingine huipokea. Mahali hapo panaitwa sinapsi. Vitabu vya zamani viliishia hapo, kwa hao wawili. Seli nyingine zilizowazunguka, glia, zilionekana kama gundi tu.

Neno hilo gundi lilimkera Flavia kweli kweli! Aliwapandisha wanafunzi wake Mwika, akawasimamisha mbele ya masale, ile mimea iliyozunguka kihamba cha baba yake, yaani shamba la ukoo. Mgeni huyaona akadhani ni ua. Sisi wa mlimani tunajua isale ni mpaka wa shamba, na pia ni msamaha. Aliyekukosea akikuletea jani la isale, huwezi kulikataa. "Sasa na glia hukaa hivyo," alikuwa akisema. "Hunyoosha vidole vyembamba, huizingira sinapsi, hufyonza kemikali iliyobaki isimsumbue jirani. Nyingine huizingira yote, nyingine nusu. Kwa hiyo pale wanaokutana si wawili. Ni watatu."

Si wawili, ni watatu. Wanafunzi wake husalimiana hivyo hadi leo.

Alitamani kujua jambo moja: mtu akizeeka, vidole vile hubaki vimeshika, au huachia? Basi moyo wake ulipoanza kuchoka, akatangaza chuoni kwamba akifa, wachukue kipande cha ubongo wake wakitazame. Akatangaza kabla ya kumwambia mdogo wake Ildefonce, kitinda mimba, ambaye kwa mila yetu ndiye mrithi wa nyumba ya baba. Hapo ndipo mambo yalipochacha.

Ildefonce mwenyewe ameniambia: "Nilisikia kwa watu, sokoni. Dada yangu! Nikasema, kwetu mtu anarudi kihambani akiwa kamili. Nikaacha kwenda kumwona."

Na kazi yenyewe haingoji. Mtu akishafariki, vidole vile huharibika upesi. Ruhusa ilitakiwa mapema, na Flavia alikataa katakata watu wagombane juu ya jeneza lake. Ildefonce angesema hapana, ingekuwa hapana.

Akamtuma Alnaz, mwanafunzi wake wa zamani, ambaye sasa ni mwalimu. Binti wa Kiismailia, mtoto wa mjini kabisa, anapanda Mwika ameshika jani la isale lililofungwa fundo! "Shikamoo mzee," akasema. "Mwalimu amesema nikupe hili. Amesema nisiombe kitu."

"Dada hakuomba ubongo," Ildefonce anasema. "Aliomba radhi kwa kuniruka. Kesho yake nikashuka kwake na mtori wa ndizi na nyama. Nikamwambia, Dada, yameisha. Akala, akasifia nyama. Lile jambo hakuligusa kabisa. Ni mimi niliyesema: wakichukua, wachukue kwa heshima. Akanishika mkono, akalia."

Ikafanyika hivyo. Kipande kilipelekwa ng'ambo kwenye hadubini kubwa ya elektroni, na picha zikarudi Moshi. Mwezi uliopita Alnaz alimwita Ildefonce aje aone. Neva mbili, upenyo katikati, na glia imezingira, bado imeshika. Alnaz hakutaka kutia chumvi. "Ubongo mmoja haujibu swali, mzee," alisema. "Ila sasa tumeanza kuuliza."

Ildefonce akavaa miwani, akasogea. "Na dada yuko wapi hapo?"

"Wote watatu ni yeye, mzee."

Wasikilizaji wapendwa, kwa ukoo wa Mlay, kwa walimu na wanafunzi wake, tunasema poleni sana. Mungu amlaze pema. Na wewe unayenisikia, jiulize: yuko nani nyumbani uliyemruka kwa sababu ulijua uko sahihi? Flavia alikuwa sahihi, na bado alipeleka jani.

Jumamosi Ildefonce atapanda isale kaburini. Hapendi kusimama mbele za watu, kwa hiyo amenituma nimsemee neno hapa, na nalisema kama alivyolisema: "Waambie dada hakuninyang'anya. Nilimpa mwenyewe."