Akina Jassaleyre Wanazaliwa Hapa: Kumuaga Mkunga Roseline

Ijumaa hii, tarehe 28 Machi 2025, Bi Roseline Jassaleyre anastaafu baada ya miaka thelathini na tisa ya ukunga katika hospitali ya Saint-Vézian. Sita ya mwisho kati ya hiyo aliibiwa. Wodi yake ilifungwa mwaka 2019, naye akabakizwa kupima shinikizo la damu na kusikiliza mapigo ya mioyo ya watoto ambao hakuruhusiwa kuwapokea. Kamati ya sherehe imetuomba sisi wenzake tuandike wasifu mfupi wenye furaha. Ufupi tutajitahidi.

Wageni wa mstari wa mbele, waliopanda kutoka mjini asubuhi hii, waanze na jina lake, maana yeye mwenyewe huanza nalo. Mwanamke amelala kitandani, ameng'ata shuka kwa uchungu, Bi Roseline anaingia, ananawa mikono hadi kwenye viwiko na kujitambulisha: "Jassaleyre. Kama yule shujaa wa Vita vya Msalaba." Mama wa watu anaendelea kung'ata shuka.

Shujaa huyo hakuwahi kuwepo. Alitungwa na padri mmoja wa bonde hili, zaidi ya karne moja iliyopita, ambaye kila Jumapili alikula kwa akina Jassaleyre na akaona haya kula bure. Akawalipa kwa babu mwenye upanga aliyerudi kutoka Yerusalemu juu ya farasi mweupe. Baadaye mwalimu mkuu wa shule, ambaye hakuwa na hamu ya kukubaliana na padri hata juu ya hali ya hewa, akatangaza kwamba babu alikuwa askari wa Kihispania aliyetoroka jeshi. Ndivyo ilivyo katika nchi hii: kila mwenye jina adimu anataka babu aliyetoka mbali. Hakuna anayetaka kusikia kwamba babu yake alikuwa papa hapa, siku zote, miguu ikiwa kwenye matope.

Ukweli unanuka kidogo. Katika lugha ya zamani ya milima yetu, *jas* ni zizi, mahali kondoo wanapolala, na Jassaleyre ni mtu aliyelala nao: mchungaji wa kukodiwa, asiye na nyumba wala ardhi, ambaye makarani walipohitaji kumwandika waliona bora wamwandike kwa kitanda chake. Mmoja wetu alimweleza hayo Bi Roseline katika chumba cha chai, kwa ushahidi na kwa upole. Alisikiliza mpaka mwisho. "Hata farasi wa vita anahitaji zizi, mpuuzi wewe," alisema, akamalizia kahawa ambayo haikuwa yake. Jumatatu iliyofuata akajitambulisha kwa jina la shujaa kama kawaida.

Ni jina la watu wachache mno. Ukipekua Ufaransa nzima hufikishi mia moja. Wengi wako hapa, kwenye mashamba ya upande wa jua. Tawi moja lilishuka Paris enzi watu wa milimani walipokwenda huko kuuza makaa na mvinyo, na bado lina mkahawa karibu na stesheni. Wawili watatu wanasemekana wako Kanada na hawaandiki. Basi. Ukikutana na Jassaleyre popote duniani, muulize habari za shangazi yake. Shangazi yuko huku. Na karibu kila Jassaleyre aliyezaliwa bondeni tangu mwaka 1986 hadi wodi ilipofungwa alitua kwanza kwenye viganja vya Bi Roseline, naye akamfokea sawasawa na watoto wa watu wengine: "Toka, mtoto wa shujaa, mama yako amechoka."

Vuli ya mwaka 2023 ofisi ya afya ya mkoa ilimtuma Bwana Courcelange atueleze kwa nini wodi haitafunguliwa tena. Alikuja na ramani. Aliitandaza ukutani katika ukumbi wa halmashauri yetu: ramani ya majina, kila jina na idadi ya watoto waliozaliwa nalo, mkoa kwa mkoa, mwaka kwa mwaka. Bonde letu lilikuwa jeupe.

"Chukueni mfano wa jina la mkunga wenu," alisema, kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi. "Tangu 2019, hajazaliwa Jassaleyre hata mmoja katika mkoa huu. Hata mmoja, mabibi na mabwana. Wodi ya uzazi haiwezi kujengwa juu ya jina linalokufa."

Tulieleze jambo hili polepole, kwa faida ya mstari wa mbele. Takwimu humhesabu mtoto pale alipozaliwa, si pale anapolala, si pale anapofuga ng'ombe wa baba yake. Ukifunga wodi ya Saint-Vézian, mama huvuka mlima na kuzalia mjini, katika mkoa wa jirani, na mtoto anaandikwa huko. Kisha anarudi hapa akiwa na siku nne, anakua hapa, anavunja vioo vya madirisha ya hapa. Kwenye ramani ni mtoto wa mjini. Kwa hiyo unafunga wodi, unasubiri miaka minne, unarudi na ramani nyeupe na kusema: mnaona, hakuna anayezaliwa huku. Huko ni kumziba mtu mdomo kisha kuandika kwenye ripoti kwamba hakuwa na la kusema.

Na Courcelange hakukosea. Kosa tungelisamehe. Mmoja wetu alimfuata mlangoni akamuuliza kama anajua hesabu zile hufanywaje. Alijibu huku akivaa koti: "Najua, bwana. Lakini ramani inaeleweka haraka."

Bi Roseline aliiamini ile ramani. Hilo ndilo lililotuuma kuliko yote. Mwanamke huyu mwenye kelele, mjivuni wa jina lake, asiyewahi kumwamini daktari yeyote kabla ya kumbishia, alivuka barabara hadi mkahawa wa Fulcran, ulio mkabala na mlango wa dharura, akaketi bila kuvua koti.

"Basi tumekwisha, Fulcran."

"Mmekwisha nani?"

"Sisi. Jina. Ameonyesha pale ukutani."

"Jumapili mlikuwa kumi na mmoja kwenye meza ile," Fulcran alisema. "Mkamaliza sufuria nzima ya viazi na jibini, mkaomba nyingine. Kama wale walikuwa maiti, basi maiti wa ukoo wenu wana njaa sana."

Bi Roseline hakucheka. Ilikuwa mara ya kwanza.

Tunafika sasa mahali ambapo wasifu wa furaha ungeruka. Januari 2024, Loïc Jassaleyre, mfugaji wa ng'ombe, na mkewe Anaïs walifika hospitali asubuhi, uchungu ukiwa umeanza. Ilikuwa mimba yao ya kwanza. Bi Roseline alimpima. Kwa mujibu wa kitabu, muda wa kufika mjini kabla ya kujifungua ulikuwepo. Na agizo la mkurugenzi ni hili: muda ukiwepo, mama aende mjini, mwendo wa saa moja na nusu kwa barabara ya mlimani. Gari la wagonjwa lilikuwa safarini, basi waende na lao.

"Shangazi, tuache tubaki," Loïc alimwambia.

"Siwezi, mwanangu. Ni agizo. Nendeni taratibu."

Walikwenda taratibu. Mtoto alizaliwa ndani ya gari, juu kabisa mlimani, kitovu kikiwa kimemzunguka shingoni, baba yake ameshika simu kwa mkono mmoja na kichwa cha mwanawe kwa mkono mwingine. Hakulia. Walimwita Aurélien. Amezikwa upande wa jua, na jina lake lote liko kwenye jiwe, na hakuna ramani itakayomhesabu.

Bi Roseline ameisoma aya hiyo na kusema ibaki. Mkurugenzi wetu, Bwana Delmasure, hajaisoma. Anaisoma sasa hivi, pamoja nanyi.

Baada ya Aurélien, wanawake wa bonde hili walijifunza kuchelewa. Agizo lina mwanya mmoja tu: mtoto akiwa tayari anatoka, hakuna hospitali inayoweza kumrudisha mama barabarani. Kwa hiyo mama anakuja na mumewe, anaketi kwa Fulcran kwenye meza ya dirishani, anaagiza chai ya majani, anautazama mlango wa dharura na kusubiri mpaka mambo yaharibike vya kutosha. Ndipo anavuka barabara. Ni wazimu. Ndiyo huduma ya uzazi ambayo nchi tajiri imewaachia wanawake wake: meza ya mkahawa. Bi Roseline aliichukia meza ile. Alikuwa akivuka barabara na viatu vyake vyeupe vya kazini na kusimama mlangoni: "Hapa ni mkahawa au zizi?" Fulcran akamjibu siku moja, "Ukoo wenu ndio unaojua tofauti," naye akasahau alichokuja kusema.

Februari mwaka huu, siku ya soko, theluji ilikuwa inaanguka tangu alfajiri na helikopta ya wagonjwa isingeweza kuruka. Fulcran alipiga simu hospitalini. Bi Roseline alivuka na kumkuta Anaïs mezani, amekunja ngumi mbili pembeni ya kikombe kilichojaa.

"Tangu lini?"

"Tangu kabla hakujapambazuka."

"Na mbona hukuja mlangoni, wewe mwanamke?"

"Nilikuja mwaka jana, shangazi."

Fulcran anasema Bi Roseline alivuta kiti akaketi. Hakuangalia saa. Loïc alianza kueleza kwamba walikuwa wanangoja tu kidogo, ili wasimtie matatani, na yeye akamkatiza.

"Mshike mkono wa kushoto. Twende. Muda upo, na tutautumia ndani."

Bwana Delmasure aliwakuta kwenye korido. Aliuliza kama kuna muda wa kumhamisha mama. Upo, alijibiwa. Basi ahamishwe. Hapana. Je, Bi Jassaleyre anajua maana ya jibu hilo, akiwa amebakiza wiki chache astaafu?

"Najua," alisema. "Sasa yaondoe makabati yako kwenye chumba changu."

Maana chumba cha kuzalia kilikuwa kimegeuzwa stoo ya makabati ya chuma. Tuliyatoa sisi: daktari wa zamu, wasafishaji wawili, mpishi, na muuza jibini mmoja wa sokoni aliyekuja kufungwa bendeji kidoleni na akajikuta amebeba kabati. Kitanda kilikuwepo bado, chini ya maboksi. Maëlle, mkunga wetu kijana, alikifuta.

Haikuwa kazi nyepesi, na wanaosema Bi Roseline alicheza bahati nasibu wasome hapa vizuri. Kichwa kilitoka, mabega yakakwama. Kila mkunga anaijua hofu ya wakati huo. Alimgeuza Anaïs akae kwa magoti na mikono, akaingiza mkono wake, akausaka mkono wa mtoto, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi hakusema neno lolote. Maëlle anasema kimya kile ndicho kilichomtisha. Kisha bega moja likaachia, na mengine yote yakafuata kwa pamoja. Msichana, mnene, wa bluu, halafu mwekundu, mwenye sauti ya dalali wa mnada wa ng'ombe. Loïc alikuwa ameketi kwenye korido juu ya kabati la chuma. Aliposikia ile sauti alijifunika uso kwa kofia na kubaki hivyo.

Fikirieni mabega yale ndani ya gari, juu mlimani, katika theluji. Sisi tunayafikiria kila siku. Tunaomba mstari wa mbele nao wayafikirie, angalau mpaka keki iletwe.

Anaitwa Clémence Jassaleyre. Alizaliwa Saint-Vézian na ameandikwa Saint-Vézian.

Wiki moja baadaye Bi Roseline alipewa onyo kwa kukiuka agizo, la kwanza katika miaka thelathini na tisa. Leo atapewa nishani ya utumishi uliotukuka. Vyote viwili vimetiwa saini na mtu mmoja, na hatudhani alibadilisha kalamu. Tumemuuliza Bi Roseline kama ataipokea nishani. Amesema ataipokea, kwa sababu ukoo wa shujaa haukatai nishani.

Kwenye ratiba yenu, baada ya hotuba, kuna kipengele kinachoitwa "kukabidhi vifaa". Maana yake ni kwamba Bwana Delmasure ataomba ufunguo wa chumba cha kuzalia, ili makabati yarudishwe Jumatatu. Asiwapotezee wageni muda. Bi Roseline hana ufunguo huo. Leo uko kwa mmoja wetu, kesho utakuwa kwa mwingine. Bondeni kuna wanawake wawili wenye mimba kubwa, na wote wawili wameshaambiwa wasikae mkahawani, waje moja kwa moja mlangoni, hata kama muda upo.

Bi Roseline, asante kwa viganja vyako, kwa kelele zako na kwa kahawa zetu zote ulizokunywa. Tunakuombea afya, usingizi mrefu na asubuhi zisizo na haraka. Simu ikilia nyumbani kwako theluji ikianguka, usiamke. Tumeshaamka sisi.