WK Si Wiki

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wazazi wetu, ndugu wageni waalikwa, na ninyi wanafunzi wenzangu mnaochungulia madirishani: shikamooni wakubwa, na wenzangu hamjambo!

Leo nina furaha kubwa. Chumba hiki, kilichokuwa stoo ya madawati mabovu, kinafunguliwa kuwa Chumba cha Historia. Na mimi, mwenyekiti wa chama chetu cha historia, nimeombwa nieleze kwa nini miaka mliyoiona ukutani imefuatwa na herufi WK.

Kwanza kabisa, WK si wiki! Fundi wetu wa mabango, Mungu ambariki kwa ukarimu wake, alipoona tumemwandikia "Chungu, 900 WK", alituonea huruma akatumalizia neno. Asubuhi tukakuta bango linang'aa: "Chungu cha Wiki 900". Ndugu wageni, wiki mia tisa hazifiki hata miaka kumi na minane. Sufuria ya mama yangu ni kongwe kuliko hicho chungu!

WK ni Wakati wa Kawaida, na KWK ni Kabla ya Wakati wa Kawaida. Miaka ni ileile tuliyozoea kuiandikia BK na KK, yaani Baada ya Kristo na Kabla ya Kristo. Hesabu haikuguswa, wala mwanzo wake haukusogezwa. Sasa mtauliza: kama hesabu ni ileile, kulikuwa na haja gani?

Haja ilikuwa rafiki yangu, ninayekaa naye dawati moja. Ndiye aliyechora ukuta wote huu. Alipofika mahali pa kuandika BK, aliweka brashi chini.

"Nyumbani kwetu hatuhesabu hivyo," alisema. "Nikiandika, nitakuwa nimekiri nisichokiamini."

"Acha maringo wewe," mwenzetu mmoja akamrukia. "Miaka si ni ileile?"

"Kama ni ileile, mbona herufi hamtaki kuziachia?"

Akanawa mikono, akaondoka, na ukuta ukabaki nusu kwa wiki mbili. Hizo zilikuwa wiki za kweli!

Ndipo mwalimu wetu wa historia alipotufundisha WK, na rafiki yangu akarudi. Hofu ikabaki kwangu, maana baba yangu ni mchungaji. Nilimweleza huku namshikia taa akitengeneza baiskeli.

"Baba, hutakasirika?"

Alicheka. "Mwanangu, imani ikifutika kwa brashi, basi ilikuwa chokaa. Kanisani nitaandika BK yangu. Ukuta wa shule ni wa watoto wote. Haya, inua taa, sioni mnyororo."

Baba, nakuona hapo safu ya pili. Asante.

Kwani, ndugu zangu, historia ya watu wote itasimuliwaje na ukuta uliomfukuza aliyeuchora?

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, utepe uko tayari na mkasi uko tayari, lakini ukuta bado. Kule mwisho, karibu na mlango, tumeacha nafasi ya mwaka huu. Rafiki yangu, hili hukuambiwa, usininunie. Inuka, njoo. Brashi ninayo hapa, na ile rangi ya buluu uipendayo nimekwisha kuikoroga. Andika mwaka wetu huu, kisha zile herufi mbili, mbele ya baba yako na baba yangu.

Na wewe, fundi wetu wa mabango, tafadhali sana, baki umekaa!

Asanteni kwa kunisikiliza. Sasa tumtazame yeye.