Mwalimu Alistidia na Orodha Iliyoanzia Namba Mbili

Tarehe 30 Juni 2025 Mwalimu Alistidia Buberwa, Afisa Elimu Maalumu wa halmashauri yetu, anastaafu baada ya miaka thelathini na mitano ya utumishi. Kamati ya sherehe imemwomba mwandishi wa wasifu huu, Clavery Kahangwa, Afisa Mipango, aandike habari zake, kwa kuwa milango ya ofisi zao imetazamana tangu mwaka 2006. Kamati haikumuuliza kama anafaa kwa kazi hiyo. Ijulikane basi mapema kwamba mwandishi anamwonea wivu mstaafu huyu. Wanasema wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Mwandishi ameshiriki miaka kumi na tisa na suruali zake bado zinambana.

Mwalimu Alistidia alianza kazi mwaka 1990 mjini Bukoba, akapewa darasa la kwanza lenye watoto tisini. Wale walioshindwa kunakili hata herufi moja aliwatoa nyuma akawaketisha mbele, na kengele ya mwisho ikilia alibaki nao akiwafundisha kuhesabu kwa buni za kahawa. Baadaye alikwenda kusomea elimu maalumu, akarudi na cheti, na halmashauri yetu ikabahatika kumpata.

Ofisi yake ina viti viwili, kimoja kibovu, na kila siku kuna foleni mlangoni. Ofisi ya mwandishi ina viti sita, kompyuta, na ramani ya wilaya ukutani, na hakuna anayeingia bila kuitwa. Wazazi humletea Mwalimu mikungu ya ndizi mpaka korido inanuka kama shamba. Mwandishi naye aliwahi kuletewa mkungu, mara moja, mwaka 2011. Alishukuru kwa maneno mengi, kisha mleta mkungu akarudi kuomba radhi kwamba alikosea mlango.

Mwaka 2017 wote wawili walitumwa kisiwani Bumbire kutafuta watoto wasiokwenda shule. Ziwa lilichafuka, na Mwalimu alitapika njia nzima bila aibu, mpaka mabaharia wakamhurumia. Mwandishi hakutapika hata kidogo na hakuna aliyemsifu. Jioni Mwalimu alipanda mtumbwi wa kurudi na majina saba pamoja na samaki wawili wakubwa, sato. Mwandishi alirudi na ripoti.

Siri ya kazi yake si kubwa. Akifika nyumbani kwa watu haanzi na karatasi. Anaketi, analetewa kahawa za kutafuna kama mgeni yeyote, anatafuna, anaulizia migomba, na baada ya muda anauliza hivi: mezani mnakula wangapi, na asubuhi shuleni wanakwenda wangapi? Hesabu mbili hizo zisipolingana, anachukua kahawa nyingine. Anaendelea kutafuna mpaka mama wa nyumba aeleze mwenyewe.

Hapo ndipo tunafika kwenye shule ya Kagoma, ambayo kila mtu leo anaiita shule ya Mwalimu Alistidia, ingawa michoro yote ilitoka kwenye kompyuta ya mwandishi. Mwaka 2023 madiwani walikubali wazo la kujenga shule yenye mabweni kwa ajili ya watoto wenye ugumu wa kujifunza. Walitoa sharti moja: wapatikane watoto wasiopungua arobaini katika kata za jirani. Wakipungua, eneo lile lingegeuzwa soko.

Mwandishi alitengeneza fomu nzuri sana na kuisambaza kila kaya. Swali la nne liliuliza kama kaya ina mtoto mwenye ulemavu wa akili. Majibu yaliporudi, watoto walikuwa kumi na mmoja. Mwalimu alisema kwa upole kwamba hakuna mzazi atakayemjibu swali hilo mtu aliyesimama mlangoni na kalamu. Mwandishi alikasirika, na alikasirika zaidi kwa kuwa Mkurugenzi alitikisa kichwa kukubaliana na Mwalimu.

Basi mwandishi akaitisha mkutano wa hadhara Kagoma, tarehe 21 Novemba, saa tatu asubuhi, kwa barua yenye muhuri. Mwalimu alimkumbusha kwamba ule ulikuwa msimu wa senene, wale panzi watamu ambao watu huacha kila kazi kwenda kuwakamata. Mwandishi akamjibu kwa maandishi kuwa Serikali haifanyi kazi kwa ratiba ya senene. Jibu hilo liliandikwa na Mhaya, mzaliwa wa Kagoma, aliyelelewa kwa senene. Kopi yake imetunzwa kwenye jalada, na vijana wa masjala huisoma wakitaka kucheka.

Asubuhi hiyo senene waliangukia kilima kizima juu ya ofisi ya kata. Viti mia mbili vya kukodi vilikaa vitupu. Alifika Ta Protase (kwa Kihaya mwanamume wa heshima huitwa Ta, mwanamke Ma), mwenyekiti wa kijiji, akasalimia, akasaini mahudhurio, kisha akaomba udhuru kwa sababu ndoo yake aliiacha kilimani.

Mwalimu Alistidia hakuja kabisa kwenye viti. Alikuwa kilimani tangu alfajiri na ndoo yake ya bluu. Msimu wa senene kila mkono unahitajika, hata ule unaofichwa mwaka mzima, hivyo watoto ambao fomu haikuwaona walikuwa huko juu kwenye nyasi, wakikamata wengi kuliko kaka zao wa darasa la saba. Mwalimu alikamata pamoja nao na kuuliza swali lake la siku zote. Saa tano aliteremka na majina arobaini na matatu, ameyaandika nyuma ya ajenda ya mwandishi. Shule ikapona.

Februari iliyofuata orodha hiyo ilichapwa na kuletwa kwenye kikao cha wakuu wa idara. Mwandishi aliikagua kwa jicho la mtu anayetafuta, akapata alichokitafuta. Orodha ilianzia namba mbili! Iliishia arobaini na nne, lakini mstari wa kwanza ulikuwa mtupu. Mwandishi alinyoosha mkono mbele ya Mkurugenzi na kueleza, kwa sauti ambayo leo asingependa kuisikia, kwamba takwimu zisizoanzia moja haziwezi kuaminika. Mwalimu aliinama, akasema atalishughulikia, akaomba radhi. Mchana huo mwandishi alikula ndizi zake kwa hamu ambayo hakuwa nayo kwa miaka.

Saa nane Mwalimu aliingia ofisini kwa mwandishi bila kuitwa, akafunga mlango na kukaa.

"Ta Clavery," alisema, "namba moja sikuisahau. Kuna mtoto nilimwona kilimani na mama yake, na kwenye fomu baba yake ameandika kwamba hayupo. Mimi siwezi kumwandika mtoto wa mtu kabla ya baba yake."

Kisha akaondoka kwenda kwenye foleni yake.

Hapa naomba niache kujiita mwandishi. Fomu ile ni yangu. Nyumbani kwangu swali la nne lilijibiwa Hapana, kwa mwandiko wangu, na mimi ndiye niliyelitunga. Nina binti, anaitwa Lilian, ana miaka kumi na mitatu. Hajui kusoma, na maneno humtoka kwa shida. Wageni wakija alikuwa anakaa chumba cha nyuma. Mwalimu mwenyewe alipita kwangu mwaka 2019, akatafuna kahawa yangu, akauliza tunakula wangapi. Nilisema wanne. Tuko watano. Alinitazama, akaendelea kutafuna.

Siku ya senene, mimi nikilinda viti vitupu, mke wangu Edvina alimchukua Lilian kilimani bila kuniambia. Mwalimu alimfundisha kuhesabu hadi tano, senene mmoja mmoja, wakiwatia ndooni. Asubuhi moja tu. Tangu siku hiyo binti yangu anahesabu hadi tano kila kitu ndani ya nyumba, vijiko, kuku, vifungo vya shati langu, na akifika tano anasema "Mwalimu". Miaka yote hiyo mimi nilikuwa nimemfundisha kitu kimoja, kunyamaza. Mkungu wa ndizi mtu anaweza kuusahau. Huu ndio wivu wenyewe ninaousema, na unauma hadi leo.

Hata baada ya hapo sikuandika. Madiwani walipitisha shule kwa majina arobaini na matatu, ramani zangu zikasifiwa, na mstari wa kwanza ukabaki wazi miezi kumi na sita. Mwalimu hakunikumbusha hata mara moja. Lakini orodha ya watoto watakaoanza inafungwa kwa sahihi yake kabla hajaondoka, na atakayempokea angepanga namba upya na kuufuta mstari ule bila kujua ni wa nani.

Jumatatu iliyopita nilikata mkungu mzuri kuliko yote shambani kwangu, nikasimama kwenye foleni ya korido nyuma ya mama mmoja wa Kagoma, huku vijana wa masjala wakichungulia. Zamu yangu ilipofika nilikalia kile kiti kibovu na kuandika kwa mkono wangu: 1. Lilian Clavery Kahangwa. Mwalimu alisoma, akatia sahihi, akauweka mkungu kando ya mingine. Hakuuliza kama nimekosea mlango.

Ma Alistidia, kwa niaba ya watumishi wote na ya wazazi wa watoto arobaini na wanne, asante sana. Tunakuombea mapumziko marefu, magoti yenye nguvu, na senene wengi kila Novemba. Ukiwa njiani kwenda kuikagua shule yako, pita kwangu. Tutakula watano, na wewe wa sita. Kahawa ya kutafuna utaletewa na Lilian, hapo sebuleni.